Mama Aliyepasuliwa Atambeba Mtoto Namna Gani?

Wapendwa akina mama, na nyinyi akina baba msigeuze ukurasa,

Katika darasa letu la jioni la watu wazima kuna swali limeulizwa mara nyingi kuliko hesabu za kugawanya: mama akijifungua kwa kupasuliwa, mtoto atambeba kwa kitu gani, na kuanzia lini? Aliyezaa kwa njia ya kawaida tunamwona baada ya siku chache yuko kwenye foleni ya maji, mtoto mgongoni. Aliyepasuliwa anaona haya kubaki nyuma. Majirani nao wana midomo, eti huyu ni mvivu, alizaa bila kusukuma. Maneno kama hayo ndiyo yanayomfanya mtu afunge mbeleko kabla ya wakati wake.

Kupasuliwa ni operesheni kubwa. Daktari hakati ngozi peke yake. Anapita kwenye ngozi, kwenye mafuta, kwenye utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo, mpaka kwenye mfuko wa uzazi wenyewe, halafu anashona akirudi nje. Ngozi ya juu hufunga ndani ya wiki moja au mbili, na hapo ndipo mama anapodanganyika. Anajitazama, anaona pamekauka, anasema nimepona. Ndani bado. Waganga huhesabu wiki sita hivi, na katika wiki hizo wanakataza kunyanyua kitu kizito kumshinda mtoto wako. Mtoto mchanga ana kilo tatu hivi. Bidoni la lita 20 likijaa maji ni kilo 20. Piga hesabu mwenyewe.

Hapa Burundi jambo hili linagusa wengi. Tarehe 1 Mei 2006 serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za serikali, kupasuliwa kukiwemo, pamoja na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano. Mama ambaye zamani aliogopa bili ya hospitali akapata mlango. Lakini karatasi anayorudi nayo nyumbani inasema tu "apumzike", haisemi mbeleko ifungwe wapi.

Mimi jambo hili nililiona kwa macho kule Mutanga Sud, mjini Bujumbura. Nilipata kibali, nikaenda kukaa wiki tatu kwa mama mdogo ambaye anafanya kazi za nyumbani huko, kwa sababu binti yake alikuwa amepasuliwa. Wanaoijua Mutanga Sud wanajua ni mtaa wa mteremko. Uko juu ya mji, karibu na kampasi ya Chuo Kikuu, na ukisimama barabarani unaona ziwa lote la Tanganyika na milima ya kwetu Kongo ng'ambo. Pazuri sana kwa macho. Kwa mwenye mshono hapafai kabisa, maana ukishuka unajizuia kwa tumbo, ukipanda unajivuta kwa tumbo hilo hilo.

Basi mama mwenye nyumba akampa huyo binti mfuko wa kubebea mtoto, ule wa kizungu wenye mikanda ya mabegani na mkanda mpana wa kiunoni unaofungwa kwa kibano. Mpya kabisa. Sisi wote tulifurahi. Siku ya kuujaribu ule mkanda wa kiunoni ulikaa sawasawa juu ya mshono, na binti akaruka kama ameguswa na moto. Mama mdogo akasema lete kitenge, mambo ya wazungu tuwaachie. Lakini kitenge cha mgongoni nacho kilikuwa na shida zake. Ili mtoto akae mgongoni lazima uiname, umrushe kidogo, ujishike kwa misuli ya tumbo huku mikono inatafuta ncha za kitambaa. Halafu ncha ya chini unaivuta na kuikaza mbele, chini ya kitovu. Na kwa kawaida kisu kinapita huko huko chini.

Kumbe mfuko na kitenge vilikuwa na kosa moja: mahali pa kukaza. Tulipoelewa hilo mambo yakawa rahisi.

Nataka kusema neno juu ya huo mfuko wa kizungu, maana kuna wanaouona kama kitu cha heshima kuliko kitenge. Muuguzi mmoja Mmarekani, Ann Moore, alifanya kazi ya kujitolea Togo, Afrika Magharibi, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliona akina mama wa huko wamefunga watoto kwa nguo na watoto wametulia. Aliporudi kwao na kupata mtoto wake, yeye na mama yake wakashona mfuko wa kufanana na ile nguo, na mwaka 1969 wakapewa hati ya ugunduzi. Mifuko mingi inayouzwa leo ni wajukuu wa mbeleko ya mama wa Kiafrika. Kwa hiyo usione haya na kitenge chako.

Sasa tufanyeje? Siku za kwanza usitafute mbeleko kabisa. Mtoto alale kando yako. Ukimnyonyesha, mshike chini ya kwapa, miguu yake ikielekea nyuma yako, asikupige mateke kwenye mshono. Ukitaka kuamka, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Ukikohoa au ukicheka, kandamiza nguo iliyokunjwa juu ya tumbo. (Shangazi zangu hupenda kuja na vichekesho kwa mzazi. Waambieni wangoje.)

Ukishaweza kutembea bila kujikunja, mtoto akae mbele, juu kifuani, katikati ya matiti. Namna hii inaitwa ya kangaruu. Ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokosa mashine za kutosha za kuwapasha joto watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Madaktari wakawafunga watoto kwenye vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi. Mwezi wa Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto aliyezaliwa njiti au na uzito mdogo awekwe hivyo mara tu baada ya kuzaliwa. Kwa mama aliyepasuliwa kuna faida nyingine: uzito wote unakaa mabegani, tumbo linabaki huru.

Kitenge cha yadi mbili kinatosha kwa mama wengi. Kipitishe bega moja na chini ya kwapa la pili, fundo la mara mbili likae mbele ya bega, lisiwe shingoni. Makalio ya mtoto yakae juu ya kitovu chako. Magoti yake yawe juu kuliko makalio, miguu imepanuka kama ya chura, ndivyo nyonga zinavyokaa salama. Uso wake uuone muda wote, kidevu kisilale kifuani kwake, kati yake na kifua vidole vyako viwili vipite. Mtoto mchanga akikunja shingo pumzi inaweza kukata bila sauti yoyote. Usimfunike uso kwa kitenge hata kama jua ni kali. Na kila mara badilisha bega.

Kama umepewa mfuko wa mikanda, au umeupata kwenye mitumba ya soko la Ruvumera, soma kwanza kibandiko cha uzito, kwa sababu mingine haifai mtoto mdogo sana. Vuta kila mshono wa uzi, funga na fungua kibano mara kumi. Halafu mkanda wa kiunoni upandishe juu ya kitovu. Ukigoma kupanda, mfuko huo uweke kwanza. Binti wa Mutanga Sud aliuweka mpaka mwezi wa tatu, na kifua cha mtoto kikawa kitenge cha kijani cha mama yake.

Wakubwa wetu wana desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto na kumfunga tumbo kwa kanga ya nguvu. Nawaheshimu, wamelea wengi. Ila kwa mama wa kisu maji ya moto na kukaza havifai, kidonda kinataka kikavu na safi. Kuna waganga wanaoruhusu kitambaa chepesi cha kushikilia tumbo. Muulize aliyekushona.

Sasa akina baba. Mtoto wa kilo tatu anabebeka na mwanaume. Nimeona mababa wanabeba gunia la mahindi kilo 50 wakipiga mluzi, lakini mtoto kifuani eti watu watacheka. Wacheke! Wiki sita za bidoni na kuni ni zako, baba, na kama huna nafasi mwite shemeji. Mama amebaki na kazi ya kunyonyesha, na si ndogo.

Ukiona mshono umekuwa mwekundu na moto, unatoa usaha au harufu, umefunguka, au una homa, damu nyingi, au mguu mmoja umevimba na kuuma kwenye shavu la mguu, usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo, hata usiku.

Mgongoni je? Subiri mambo mawili: mganga akutazame baada ya wiki sita, na shingo ya mtoto ikaze, kwa wengi miezi mitatu au minne. Najua hapa kwetu wengi hupandisha mtoto mgongoni mapema kuliko hapo. Mwenye mshono ana sababu mbili za kungoja. Siku ya kwanza kaa kwenye ukingo wa kitanda, mtu mwingine akuwekee mtoto mgongoni, usimrushe mwenyewe. Ncha ya chini ifunge juu ya kitovu. Dakika kumi zinatosha. Waliopasuliwa wima, kutoka kitovuni kwenda chini, fundo lao wahamishie ubavuni.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, tutaonyeshana kufunga katika darasa la pili. Kila mmoja alete kitenge chake na maharage kilo tatu ndani ya mfuko, tutafunga maharage kwanza kabla ya watoto. Akina baba wawili wameshaandikisha majina.