Funzo la ndege kwa daktari na mgonjwa

Usiku wa kuamkia Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka mara tu baada ya kupaa Douala, Cameroon. Watu wote 114 waliokuwamo walifariki. Wachunguzi walisikiliza kinasa sauti, na ripoti ya 2010 ikaeleza: ndege ililalia upande gizani bila marubani kutambua mapema, na rubani mkuu na msaidizi wake hawakushirikiana ipasavyo.

Uchunguzi wa namna hii hautafuti wa kufungwa jela. Hutafuta chanzo, ili wengine wafunzwe. Baada ya ajali ya Tenerife ya 1977, iliyoua watu 583, marubani wasaidizi walianza kufundishwa kumkosoa mkubwa wao bila woga.

Je, sisi madaktari? Mara nyingi kosa letu huzikwa pamoja na mgonjwa. Hapa Makongeni niliwahi kumwandikia mama mmoja sindano ya penisilini, dawa inayomdhuru. Muuguzi kijana alinizuia. Angeniogopa, huenda mama huyo angekufa.

Orodha ya ukaguzi kabla ya upasuaji, iliyofuata desturi ya marubani, ilijaribiwa katika hospitali 8, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Nawe msomaji, usinyamaze. Kabla ya sindano, uliza ni dawa gani, na utaje ile inayokudhuru. Daktari mwema hatakasirika.