Jambia la Babu: Livaliwe au Lifungiwe?

Jambia la Kiomani halikati kitu. Zamani lilikata. Mwaka 1806 huko Barka, Said bin Sultan, kijana aliyekuwa bado hajafika miaka ishirini, alimshambulia binamu yake Badr bin Saif na kuutwaa utawala, na wasimulizi wengi wanasema kuwa jambia ndilo lililoanza kuchomolewa. Ni huyohuyo Sayyid Said aliyekuja kuhamishia kiti chake Unguja. Lakini bunduki zilipoenea, jambia lilistaafu vita. Kazi yake sasa ni kukaa kiunoni siku za harusi, Idi na hafla za serikali, watu wakalitazama. Limewekwa kwenye bendera ya nchi, na mwaka 2022 UNESCO ikauingiza ufundi wa kulitengeneza pamoja na desturi za kulivaa katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Wastaafu wengi hawapati hata barua ya shukrani.

Kwa hiyo ukiwasikia watu wa mji wa Al Hamra huko Oman wakibishana kama jambia la marehemu babu litumike au lihifadhiwe, ujue makali hayamo kwenye mazungumzo. Wanabishana kama livaliwe. Na ubishi huo una uzito wa mfukoni. Jambia jipya la kazi nzuri hugharimu mamia ya riali, na riali moja ya Oman ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani. La zamani, lenye fedha nzito na mpini wa pembe ya kifaru, hupanda hadi maelfu. Katika nyumba zinazozungumza Kiswahili kuna uzito mwingine tena: wako wazee waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964 bila kitu kingine cha thamani, na wako ambao hata hilo jambia hawakutoka nalo.

Nimelishika moja la namna hiyo Al Hamra, katika majlisi ya ndugu wawili, kahawa na tende zikiwa katikati yetu. Mpini ulikuwa umelainika kwa viganja vya watu wasiopungua watatu, na ukiuelekeza dirishani, ukingo wake ulipitisha mwanga wa rangi ya asali. Ala ilipinda kama kawaida yake, sehemu ya juu imefunikwa nyuzi za fedha zilizosukwa kwa mkono, na pete nne zikiishikilia kwenye mkanda. Pete saba ni za jambia la Kisaidi, lile la ukoo wa masultani, ambalo mpini wake inasemekana ulibuniwa na Bibi Shahrazad, mke Mwajemi wa Sayyid Said. Nyuma ya ala hii ya pete nne kulikuwa na kisu kidogo kimechomekwa. Kaka mtu alikichomoa, akapasulia uzi wa kifurushi alicholetewa, akakirudisha mahali pake.

"Hiki ndicho kisu," akasema. "Hilo kubwa ni heshima."

Mdogo wake hakucheka. Yeye anataka jambia liwekwe kwenye kabati la kioo, liwe na taa yake, wajukuu walione. "Fedha inalika, Kaka. Kila harusi linasuguliwa ling'ae. Maua yale ya ubavuni babu aliyaona, sisi tunayakisia."

"Basi lisisuguliwe. Nani aliyekuambia kuvaa ni kusugua?"

Kaka mtu alisema neno hilo huku akimimina kahawa, kama mtu anayetaka kumaliza mjadala, na mimi naona hapo ndipo mjadala unapoanza. Tumezoea kudhani kwamba chombo kinachotumika kinaharibika na kilichofungiwa kinasalimika. Kwa jambia dhana hiyo ni nusu ya kweli, na ile nusu nyingine imewagharimu watu mali.

Tuanze na fedha. Majambia mengi ya zamani yalitokana na riale za Maria Theresa, sarafu za Austria zenye mwaka 1780, hata zile zilizogongwa zaidi ya karne moja baadaye. Sarafu moja ina uzito wa gramu 28 hivi, na gramu 23 kati yake ni fedha halisi. Mteja alimpelekea sonara sarafu zake, zikayeyushwa, zikavutwa zikawa nyuzi. Sarafu hizo ziliendelea kupokewa Oman hadi mwaka 1970, kwa hiyo haikuwa kazi ya siku za kale sana. Fedha ya aina hiyo husawijika ikikutana na salfa, na salfa haiji na mvaaji peke yake. Imo katika sufu, katika mpira, na hata katika baadhi ya mbao na gundi zinazotengenezea makabati. Mtu analifunga jambia kwenye kitambaa cha sufu, analitia ndani ya sanduku, anakwenda zake kwa amani ya moyo. Baada ya miaka kumi anafungua na kukuta limekuwa jeusi, anatafuta dawa kali ya kung'arishia, na kwa mchana mmoja anaondoa maua ambayo harusi ishirini hazikuyagusa. Mdogo mtu alikuwa sahihi kuhusu kusugua. Alichosahau ni kwamba sanduku nalo linaleta kusugua, tena kwa pupa. Jambia linalovaliwa mara chache kwa mwaka, likafutwa kwa kitambaa laini kikavu kabla ya kurudishwa, halifikii weusi wa kuhitaji dawa.

Bapa ni shauri jingine. Ni chuma, na chuma kikikaa ndani ya ala ya mbao bila kuchomolewa, unyevu ukiingia hushika kutu kikagandamana na mbao. Kwa Al Hamra, penye hewa kavu chini ya milima ya Hajar, hatari ni ndogo. Lipeleke jambia hilohilo Maskati au Unguja ulisahau kabatini, utahitaji fundi wa kulitoa. Mpini wa pembe nao una adui zake. Pembe ya kifaru si mfupa. Ni kitu cha jamii ya kucha na nywele, hukauka, hupasuka, na wadudu wanaokula ngozi na manyoya huila. Ule ulaini na mng'ao ambao wanunuzi wanaulipia zaidi ulitokana na kushikwashikwa.

Mji wenyewe unatoa ushahidi. Al Hamra ya zamani ni nyumba za udongo za ghorofa mbili na tatu zilizojengwa juu ya mteremko wa mwamba, dari zake za vigogo vya mitende. Nyingi zilihamwa tangu miaka ya 1970, watu walipojenga nyumba za saruji huko chini penye barabara na umeme. Nyumba ya udongo iliyohamwa haina wa kuiziba dari baada ya mvua, na dari ikianza kuvuja, haidumu. Leo unapita vichochoroni ukiona vyumba vilivyofunuka, mlango wa mbao ungali umesimama na nyuma yake hakuna nyumba. Katikati ya hayo ipo Bait al Safah, iliyofanywa makumbusho, na ndani yake kina mama wanapika mkate, wanakaanga buni na kuonesha namna mafuta yalivyokamuliwa. Imesimama kwa sababu kuna watu ndani yake. Lakini nisiusukume mfano huu mbali kuliko unakokwenda: ukuta wa udongo unapakwa tena ukawa mzima, ilhali ua la fedha lililofutika halichorwi tena na mkono uleule.

Wajapani wamelifikiria jambo hili kwa makini kuliko wengi. Kunoa na kusafisha upanga wa kale kwao ni kazi ya fundi maalumu, inayofanywa mara chache sana, maana kila kunoa kunachukua chuma kidogo, na upanga ulionolewa mno huitwa uliochoka. Kati ya kunoa na kunoa, mwenyewe huuchomoa, huufuta na kuupaka mafuta mapya. Na mafuta hayo kwa desturi hutiwa karafuu. Sisi tuliojaza maghala ya karafuu hatukupata kuzifikiria kwa kazi hiyo. Mtu anayetajwa na wanahistoria kuwa ndiye aliyeuleta mkarafuu Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 ni Saleh bin Haramil, mwenye nisba ya Al-Abri, nisba ileile ya kabila la Al Hamra. Mashamba yake yaliishia mikononi mwa Sayyid Said, lakini hiyo ni kesi ya siku nyingine.

Huko Marekani kuna wakusanyaji wa visu vya mafundi mashuhuri kama Bob Loveless wa California, aliyefariki mwaka 2010. Kisu chake kikinolewa mara moja, bei hushuka. Kwa hiyo hakinolewi, hakikati nyama wala kamba, kinauzwa kutoka kwa mtu ambaye hakukitumia kwenda kwa mtu ambaye hatakitumia. Sina ugomvi na biashara hiyo. Ila wale wanaotaka jambia la babu lifuate kanuni hizo wajue wameligeuza hisa, na hisa hazina haja ya kuwa na mpini.

Kuna hoja ya kuvaa ambayo huwa haitajwi kwenye majlisi, nayo kwangu ndiyo nzito. UNESCO haikusajili majambia. Ilisajili ufundi na desturi. Tofauti hiyo unaiona Nizwa, chini ya saa moja kwa gari kutoka Al Hamra, ambako sonara anaishi kwa kazi za matengenezo: mkanda uliolegea, uzi wa fedha uliokatika, pete iliyovunjika, kisu cha nyuma kilichopotea. Jambia linalovaliwa humrudia fundi. Lililo kwenye kioo halimrudii kamwe. Tukiyafungia yote, fundi hatafunga duka, atauza vitu vya watalii. Soko tayari lina majambia ya bei nafuu yaliyoagizwa kutoka Bara Hindi, na mgeni hawezi kuyatofautisha. Kisha siku mdogo mtu atakapotaka kukaza pete ya lile lake la kioo, atatafuta mtu wa kuikaza asimpate.

Makumbusho yana nafasi yake. Makumbusho ya Taifa yako Maskati, na tangu 2023 yako yale makubwa ya Manah karibu na Nizwa. Jambia lenye historia inayojulikana, au lililochakaa hadi ngozi inakatika, liende huko likawekwe na watu wanaojua hewa na mwanga. Nyumbani kabati la kioo lenye taa ya moto na gundi mbichi ni jela isiyo na daktari.

Limebaki suala la pembe, na hapa sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kujifanya wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa hawazidi 400. Sehemu kubwa ya pembe zao ilikwenda Yemen, ambako fedha za mafuta kutoka Saudia ziliwawezesha vijana kununua mipini ambayo baba zao waliiona kwa masheikh tu. Mtafiti Esmond Bradley Martin, aliyeuawa nyumbani kwake Nairobi Februari 2018, alizunguka masoko ya jiji la Sanaa kwa miaka akihesabu mipini hiyo. Oman haikuwa mnunuzi mkubwa kama Yemen, lakini haikuwa mtazamaji. Nimewasikia watu wakisema kuwa mpini wa pembe uvuliwe ufichwe kwa aibu. Sioni kifaru anafaidika vipi. Alikwishakufa, ninachotaka ni kwamba asifuatiwe na mwingine. Mpini wa zamani ubaki kwenye jambia lake. Ukivunjika, badala yake ni msandali, nao una harufu nzuri kuliko pembe. Asiyeweza kulala bila pembe mpya anatafuta cheo.

Kwa hiyo nasimama na kaka mtu, kwa masharti ya mdogo wake. Bwana harusi alivae. Asipewe mtu dawa ya kung'arishia. Liguswe kwa mikono iliyooshwa, bapa lichomolewe na kupakwa mafuta kidogo angalau mara moja kwa mwaka, sufu na mpira viwe mbali, na sonara wa Nizwa aliangalie kabla ya harusi, si baada ya pete kudondoka ukumbini.

Na ewe unayetaka kulipeleka harusini Dar es Salaam, Mombasa au London: biashara ya kimataifa ya pembe ya kifaru imekatazwa tangu 1977 chini ya mkataba wa CITES, ambao Oman nayo ilijiunga nao mwaka 2008. Pembe haivuki mpaka bila kibali, hata kama ni ya zamani na haiuzwi. Omba kibali mapema, au azima lenye mpini wa msandali. Afisa wa forodha hatasikiliza habari za babu.