Maji ya Kunywa Safarini Baharini

Jahazi likitweka tanga Kilwa Masoko na kuelekea Dar es Salaam wakati wa kusi, husukumwa na upepo, na bahari nayo hulisaidia. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima, nao hupata nguvu zaidi majira hayo, hata mwendo wake waweza kuzidi mita 1 kwa sekunde. Mwanafunzi na akokotoe: chombo kilichoshikwa na shwari nje ya miamba, penye mkondo wa mwendo huo, kitachukuliwa kilometa 86 kwa saa 24. Ndiyo maana foromali ikivunjika, nahodha mwenye busara hulitazama mapema pipa la maji.

Mtu afanyaye kazi juani huhitaji lita 3 hivi za maji kwa siku, na pengine zaidi. Mabaharia 8 kwa siku 4 watakunywa lita 96, yaani karibu nusu ya pipa la lita 200, bila kuhesabu maji ya kupikia. Wali hupikwa juu ya sanduku la mbao lililojazwa mchanga. Mchanga haupitishi joto upesi, hivyo mbao hazishiki moto. Katika chungu hicho maji kidogo ya bahari yaweza kutiwa badala ya chumvi, wala hayadhuru.

Kuyanywa ni jambo jingine kabisa. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, hali lita ya damu ina takribani gramu 9. Chumvi inayozidi hutolewa na figo, lakini figo za binadamu haziwezi kutengeneza mkojo mkali kama bahari. Basi anywaye lita moja hana budi kutoa mkojo zaidi ya lita moja, na nyongeza hiyo hutoka katika mwili wake mwenyewe. Kiu huzidi, akili huvurugika, na hatimaye mtu hufa akiwa amezungukwa na maji.

Wazee walibeba maji katika mitungi ya udongo. Maji machache hupenya vitundu vya mtungi na kugeuka mvuke, na kila gramu ya mvuke huondoka na joto la jouli 2,400 hivi. Kama joto lote lingetoka katika maji yaliyobaki, gramu 175 tu zingetosha kupoza lita 20 kwa nyuzi 5. Dumu la plastiki, ambalo siku hizi limeshika nafasi ya mtungi, halivunjiki upesi, ila halitoi jasho. Dawa yake ni rahisi: lifunikwe gunia lililoloweshwa maji ya bahari, likae kivulini penye upepo. Kinachogeuka mvuke hapo ni maji ya bahari, na yale ya kunywa hayapungui hata tone, mradi kifuniko kimekazwa barabara.