Nyeri Huuza Saa, Nanyuki Huuza Usiku

Mwanamfalme Amedeo wa Aosta aliishi miaka kadhaa katika kasri jeupe la Miramare, kando ya bandari ya Trieste, pale Mediterania inapojipenyeza kaskazini na kuitwa Adriatiki. Mwishoni mwa 1937 Mussolini alimteua kuwa makamu wa mfalme katika Afrika Mashariki ya Kiitalia. Mei 1941 akasalimu amri kwa Waingereza pale Amba Alagi, Ethiopia, na tarehe 3 Machi 1942 akafia Nairobi akiwa mateka wa vita. Sasa amelala Nyeri, katika kanisa la kumbukumbu ambalo Waitalia walilijenga mwaka 1952 upande wa Mathari, pamoja na askari wenzake zaidi ya 600.

Mtu mmoja, miji miwili, na kila mji una sehemu ya habari yake ya kumwonyesha mgeni. Tofauti iko kwenye pesa. Miramare ni makumbusho ya serikali. Bustani yake huingiwa bure, ndani ya kasri hulipiwa tiketi, na vyumba alimokaa mwanamfalme ni sehemu ya maonyesho. Mgeni akitoka hapo hurudi mjini, akanywa kahawa San Marco, mkahawa uliofunguliwa 1914, akaonyeshwa mitaa aliyokaa mwandishi James Joyce kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, jua likatua, akatafuta chumba. Mgeni wa Mathari huletwa na dereva kutoka Nairobi au Nanyuki, akaingia kanisani, akasoma majina ukutani, akapiga picha, akaondoka. Kama Nyeri imepata kitu, ni bei ya chupa ya maji.

Wenye hoteli hawahesabu wageni, wanahesabu usiku. Anayelala hununua chakula cha jioni na cha asubuhi, hufuliwa nguo, hukodi gari, hutafuta mtu wa kumtembeza, na akiamka na muda hununua kinyago au kikapu. Wizara ya Utalii inasema Kenya ilipokea wageni wa kigeni kama milioni 2.4 mwaka 2024, na mapato ya karibu shilingi bilioni 452. Fungu la kila mji katika mapato hayo hutegemea mahali wageni walipovua viatu usiku.

Kwa mali ya kumbukumbu, Nyeri ni tajiri kuliko mji wowote wa bara nchini. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti duniani, alihamia kwenye nyumba ndogo ya Paxtu katika uwanja wa hoteli ya Outspan mwaka 1938, akafa tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake katika makaburi ya kanisa la St Peter's linaelekea Mlima Kenya, na skauti hulizuru hasa karibu na tarehe 22 Februari, siku yake ya kuzaliwa. Katika makaburi hayohayo yuko Jim Corbett, mwindaji wa chui na simba-marara wala watu wa India, ambaye alikaa Paxtu baada ya Baden-Powell na kufariki 1955. Huko Tetu, pembezoni mwa msitu wa Nyandarua, Field Marshal Dedan Kimathi wa Mau Mau alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004, alizaliwa Ihithe, Tetu hiyohiyo. Bado hatujafika Othaya kwa rais wa zamani Mwai Kibaki.

Mali ipo, ila wenyewe ni wengi. Kaburi la Baden-Powell limo katika ardhi ya kanisa, linawagusa skauti, na ni mnara wa taifa. Kanisa la Mathari ni la kumbukumbu ya Waitalia. Msitu na wanyama wake wako chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambalo ada zake hulipwa kwa eCitizen na haziingii mfuko wa kaunti. Habari za Kimathi zinamilikiwa na familia, chuo kikuu chenye jina lake, kaunti, na kila mwanasiasa anayehitaji kura. Hakuna aliye na mamlaka ya kuuza tiketi moja itakayompeleka mgeni kote huko kwa siku mbili, ikiwa na usafiri, mlo na mtu anayejua anachokieleza. Viongozi wakizungumza utalii, huahidi sanamu na lango jipya. Mimi ningeanza na mishahara ya waongoza wageni sita waliofunzwa vizuri, na saa za kufungua zilizoandikwa mlangoni na kuheshimiwa.

Mtu mmoja alikwisha kuonyesha namna biashara hii inavyofanywa, na alifanya hivyo zaidi ya miaka 90 iliyopita. Eric Sherbrooke Walker, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi na Baden-Powell, alijenga Outspan mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha mwaka 1932 akafungua Treetops, kibanda cha kulala juu ya mugumo, mbele ya dimbwi la maji na chumvi msituni. Ujanja wake haukuwa mti peke yake. Mgeni wa Treetops alipokelewa kwanza Outspan: alipata mlo wa mchana, akaacha mizigo mikubwa, akapandishwa gari la hoteli hadi msituni, akalala akitazama ndovu na nyati, kesho yake akarudishwa Outspan. Bidhaa ilikuwa usiku mmoja tu, lakini faida yake ilipatikana mara tatu. Hoteli ya The Ark, iliyofuata baadaye katika msitu huohuo, iliiga mpango huo neno kwa neno: mlo wa mchana Aberdare Country Club karibu na Mweiga, kisha basi la kuingia mbugani.

Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth alilala Treetops na baba yake akafariki Sandringham, Uingereza. Habari hiyo ikawa tangazo lisilolipiwa la Treetops kwa miaka 70. Ukweli ni kwamba habari za kifo alizipata siku ya pili, katika nyumba ya Sagana karibu na Kiganjo aliyopewa kama zawadi ya harusi, na nyumba hiyo leo ni ikulu ndogo isiyouza chai wala tiketi. Mti ukapewa sifa zote. Mei 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaichoma Treetops, na ile iliyotembelewa na watalii wa zama zetu ni jengo lililoanza 1957 mahali pengine karibu na dimbwi hilohilo. Elizabeth alirudi kuitazama mwaka 1983.

Kwa maoni yangu ya mfanyabiashara wa maneno, sehemu ya thamani kubwa zaidi ya historia hiyo ni moto. Hoteli moja inabeba malkia na wapiganaji walioichoma kwa sababu ya ardhi, lakini kwa miongo mingi iliuzwa nusu ya malkia, huku nusu ya pili ikiachwa kwa wanafunzi wa shule za kutwa. Mgeni wa siku hizi, hasa kijana, angelipia zote mbili. Mwaka 2021 korona ilipokausha wageni, Treetops ikafunga milango, na mlolongo wa Walker ukakatika upande wa juu.

Sasa twende Nanyuki. Mji huu hauna kaburi la mtu mkubwa wala hekaya ya malkia, una uwanja wa ndege, mstari wa ikweta na mlima unaoonekana vizuri asubuhi. Ndege ndogo kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, huleta wageni wa hifadhi za Laikipia, na nyingi za hifadhi hizo ni biashara za kulala za bei ya juu. Ol Pejeta, yenye ekari 90,000, ndiyo inayowatunza Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani tangu dume Sudan alipokufa tarehe 19 Machi 2018. Mount Kenya Safari Club, iliyoanzishwa mwaka 1959 na mwigizaji William Holden na wenzake, imepitiwa na mstari wa ikweta. Kambi ya mafunzo ya jeshi la Uingereza inalisha maduka, baa na wenye nyumba, nayo imezaa manung'uniko mazito ambayo makala ya biashara haiwezi kuyamaliza. Kisha wamekuja Wanairobi wenyewe, Ijumaa jioni, na watoto na majiko ya kuchomea nyama, wakijaza nyumba za Airbnb ambazo miaka kumi iliyopita zilikuwa mashamba ya viazi.

Nanyuki huuza hata kitu kisichokuwepo. Pale kwenye bango la ikweta atakuja kijana na jagi, faneli na kijiti cha kiberiti, akuonyeshe maji yakizunguka kulia upande mmoja, kushoto upande wa pili, na kunyooka katikati. Kisayansi, mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya jagi katika hatua 20 za mguu. Ni mkono wake. Anakupa cheti, unamlipa, na hakuna aliyekasirika. Ningependa kuona Mathari ikiwa na nusu ya bidii hiyo, ikieleza habari iliyo ya kweli.

Kusini kidogo mwa Nanyuki pia kuna mkahawa wa trauti uliojengwa juu ya mugumo, na Jumapili utakuta magari yamepangana hadi nje. Wazo la Walker halijafa, limehamia barabara nyingine na kuacha kutegemea malkia.

Mlima wenyewe ni soko la namna yake. Kilele cha Batian kina mita 5,199, lakini wapandaji wengi huishia Lenana, mita 4,985, kwa safari ya siku nne au tano. Njia ya Naro Moru hulisha wapagazi na wapishi wa upande wa Nyeri, Sirimon hunufaisha upande wa Nanyuki na Meru, na Chogoria hushusha wageni Tharaka Nithi. Malipo ya siku ya mpagazi ni madogo na kazi ni ya msimu: Januari, Februari na Agosti watu hugombaniwa, Aprili mvua humrudisha kila mmoja shambani. Barafu ya Lewis nayo imepungua sana, na wanaouza picha ya kilele cheupe watalazimika kubadilisha kalenda.

Hapa Trieste inarudi tena. Felice Benuzzi, aliyekulia bandarini humo, alikuwa mateka katika Kambi ya 354 Nanyuki. Januari 1943 yeye na Waitalia wenzake wawili, Balletto na Barsotti, walitoroka wakapande mlima, wakiwa na zana walizojitengenezea kwa siri na picha ya mlima iliyochapwa kwenye kopo la nyama. Walitundika bendera Lenana, kisha wakarudi kambini wenyewe, wakafungwa peke yao kwa adhabu. Kitabu alichoandika Benuzzi husomwa na wapanda milima dunia nzima hadi leo. Mwenye hoteli anayejua kuitumia habari hiyo ana safari nzima mkononi: kambi, Lenana, kanisa la Mathari, kikombe cha kahawa. Wateja wake wapo Italia, hawahitaji kushawishiwa kwa mabango.

Kuhusu kahawa, Trieste ni bandari huru tangu 1719 na imejijenga kwa kuingiza mbegu za watu wengine. Kampuni ya illy, iliyoanzishwa humo 1933, huuza jina kote duniani bila kuwa na mti mmoja wa kahawa mlimani kwetu. Kahawa ya Nyeri, ya aina za SL28 na SL34, iliyomenywa na kuoshwa katika viwanda vya vyama vya ushirika kama Gikanda na Tekangu karibu na Karatina, husifiwa na wanunuzi wa Ulaya na Marekani kwa ukali wake wa matunda, kisha hupitia mnada wa Nairobi na kutoka Mombasa ikiwa mbichi. Mjini Nyeri, mgeni akiagiza kahawa katika mikahawa ya kawaida, mara nyingi huletewa maji moto na kopo la unga. Kiwanda kinachoruhusu mgeni kuchuma, kuosha na kuonja wakati wa mavuno, kati ya Oktoba na Desemba, kinauza nusu siku ambayo haihitaji sanamu wala lango.

Soko moja limeanza bila kelele, nalo ni la mahujaji. Sista Irene Stefani wa Konsolata, ambaye watu wa Gikondi walimwita Nyaatha na aliyefariki huko 1930, alitangazwa mwenye heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015, siku mji ulipokosa vitanda. Mahujaji hawana pesa nyingi, lakini hurudi kila mwaka na huja kwa mabasi.

Yote haya yataamuliwa na barabara. Reli ya mkoloni iliuacha mji wa Nyeri pembeni na kuweka kituo Kiganjo, na treni ya abiria ilipofufuliwa Desemba 2020 iliendelea kufuata njia hiyohiyo hadi Nanyuki. Barabara pana ya Kenol, Sagana na Marua, kilomita 84, iliyojengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, inaishia Marua, pale njia ya Nyeri mjini inapoachana na ile ya Naro Moru na Nanyuki. Wafanyabiashara wa Nyeri waliishangilia. Lakini ikiwa Nairobi sasa iko karibu, anayezuru kaburi la Baden-Powell asubuhi anaweza kula nyama Karatina na kuwa kitandani kwake Ruiru kabla ya saa mbili usiku. Mwenye haraka atapita Marua moja kwa moja, na hoteli za mjini, ambazo nyingi huishi kwa semina za serikali, zitalazimika kumpa sababu ya kukunja kushoto baada ya saa kumi jioni.