Miguu ya mtoto: si kila shida ni maji

Huku kwetu chini ya mlima Meru, mtoto akiwa na shida ya miguu, wengi wetu tunasema ni maji. Tuna sababu ya kusema hivyo. Kuanzia Maji ya Chai na Ngurdoto hadi Oldonyo Sambu, vyanzo vingi vya maji vina floraidi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi nyingi hugeuza meno kuwa ya kahawia, na inaweza kupinda mifupa ya mtoto.

Lakini upo ugonjwa mwingine, wa nadra, usiohusiana kabisa na maji. Haupindi mifupa, bali hudhoofisha misuli. Unaitwa Duchenne, kwa jina la daktari wa Ufaransa aliyeueleza katika miaka ya 1860. Karibu wote wanaoupata ni wavulana, takriban mmoja kati ya 5,000 wanaozaliwa. Kwa kuwa ni wa nadra, familia inaweza kuhangaika miaka mingi bila jibu.

Mzazi aangalie nini?

Mtoto huchelewa kutembea, pengine hata baada ya miezi 18. Huanguka mara kwa mara, hawezi kukimbia na wenzake, na kupanda ngazi au kilima humshinda. Wengine hutembea kwa ncha za vidole. Vigimbi vyake huwa vinene, na watu humsifu kuwa ana miguu ya mpira, kumbe ni misuli inayoharibika.

Dalili kubwa huonekana anapoinuka kutoka chini. Hugeuka, huinua makalio kwanza, kisha huweka mikono magotini na kujisukuma kupitia mapaja mpaka asimame, kana kwamba anaupanda mwili wake mwenyewe.

Udhaifu huu huja polepole. Mtoto akilegea miguu ghafla, ndani ya siku chache, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwani polio na magonjwa mengine ya hatari lazima yachunguzwe.

Kipimo cha kwanza

Kipimo cha kuanzia ni cha damu, kinaitwa CK. Hupima kitu kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyoharibika. Kwa mtoto mwenye Duchenne, CK huwa juu mara kumi au zaidi ya kawaida. Ikiwa ya kawaida kabisa kwa mtoto mdogo, Duchenne huondolewa kwenye orodha.

Jihadharini na jambo moja. Misuli ikiharibika, baadhi ya vipimo vya ini navyo hupanda, na mtoto anaweza kutibiwa ini ambalo ni zima. Ukiambiwa ini lina shida, na mtoto anaanguka ovyo, uliza: "Daktari, tunaweza kupima CK?"

Uthibitisho hutolewa na kipimo cha vinasaba. Huo ndio mpango wa mwili tunaorithi kwa wazazi, na kwa watoto wengi wenye Duchenne kipande chake kimekosekana, kama kitabu kilichochanwa kurasa. Kipimo hiki hakipo kila hospitali. Anzia zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mount Meru, na ikibidi KCMC, Moshi.

Kabla ya kuondoka nyumbani, chukua simu umrekodi mtoto akiinuka kutoka chini na akitembea. Video ya nusu dakika humsaidia sana daktari. Beba pia kadi ya kliniki.

Hakuna aliyeroga

Sisi huhesabu ukoo kwa baba, lakini ugonjwa huu hupita kwa mama. Kwa hiyo daktari atauliza habari za wajomba: je, yupo aliyeacha kutembea akiwa mtoto? Mama mwenye kinasaba hicho kwa kawaida ni mzima. Kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Na kwa takriban mtoto mmoja kati ya watatu, hitilafu ni mpya, haikurithiwa. Mama hana kosa, na kumfukuza hakumponyi mtoto.

Kwa nini kuwahi, kama hauponi?

Ni kweli, haujapata tiba ya kuuponya. Bila matibabu, wengi huacha kutembea kabla ya miaka 13. Lakini dawa ya prednisolone, inayopatikana nchini, huwaongezea wengi muda wa kutembea. Itolewe na daktari tu, na isikatishwe ghafla. Mazoezi ya kunyoosha viungo huzuia kukakamaa, na moyo unahitaji kupimwa mara kwa mara. Mtoto akihitaji upasuaji wowote, mwambieni daktari wa usingizi mapema, maana baadhi ya dawa za usingizi ni hatari kwake.

Ukijua leo, na mdogo wake anayetambaa atapimwa mapema.