Elimu kwa Mtoto Anayeugua kwa Muda Mrefu

Mtoto aliyelazwa kwa wiki moja hukosa masomo machache, kisha hunakili madaftari ya wenzake na kuendelea. Hali ni tofauti kwa mtoto mwenye maradhi ya muda mrefu. Tiba ya saratani ya damu inayowapata zaidi watoto huchukua takriban miaka miwili hadi mitatu, muda ambao mwenzake hutoka darasa la tatu hadi la tano au la sita. Mtoto mwenye selimundu hukosa siku chache tu kila anaposhikwa na maumivu makali, lakini siku hizo hujirudia mwaka mzima.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 28, unatambua haki ya kila mtoto kupata elimu. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaja elimu miongoni mwa mambo ambayo mzazi au mlezi ana wajibu wa kumpatia mtoto. Ugonjwa hauondoi haki hiyo.

Namna maradhi yanavyoathiri masomo

Kukosa vipindi ni sehemu tu ya tatizo. Upungufu wa damu humchosha mtoto na kumpunguzia umakini. Dawa ya vinkristini huweza kudhoofisha mishipa ya fahamu ya mikono na miguu, hata mwandiko ukaharibika. Mionzi ya kichwani huweza kupunguza kumbukumbu na kasi ya kufikiri, na athari hizo pengine hujitokeza miaka kadhaa baada ya tiba. Kwa mwenye selimundu, kiharusi kidogo kisicho na dalili za wazi huweza kudhuru ubongo, na ishara yake ya kwanza ikawa kushuka kwa alama darasani. Mtoto wa namna hii asiitwe mvivu, bali apelekwe akachunguzwe.

Masomo wodini na nyumbani

Baadhi ya hospitali huwa na mwalimu na chumba cha kusomea. Pasipo huduma hiyo, mzazi aombe kwa mwalimu wa darasa orodha ya mada za muhula, naye mtoto abaki na vitabu na madaftari yake. Vipindi viwe vifupi, vya dakika 20 hadi 30, vikipangwa saa ambazo mtoto ana nguvu. Akiwa na homa, maumivu au kichefuchefu, apumzike bila kulaumiwa. Wauguzi nao waepuke, inapowezekana, kupanga vipimo visivyo vya haraka wakati wa kipindi.

Kurejea shuleni

Daktari ndiye anayeeleza lini mtoto anaweza kuchanganyika na wenzake. Baada ya tibakemikali, chembechembe nyeupe za damu hushuka, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14, na maambukizi madogo huweza kuwa hatari. Homa katika kipindi hicho ni dharura: mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Surua au tetekuwanga ikizuka shuleni, mzazi aarifiwe mara moja.

Kwa ridhaa ya mzazi, daktari amwandikie mwalimu mkuu barua fupi inayotaja tahadhari na nafuu anazohitaji mtoto. Mwenye selimundu aruhusiwe kunywa maji na kwenda msalani wakati wowote, asiachwe kwenye baridi wala kulazimishwa kukimbia hadi achoke. Wanafunzi waelezwe kwamba saratani na selimundu haziambukizi, na kwamba nywele zilizonyonyoka kwa dawa huota tena.

Mtihani na matibabu

Hatari kubwa hujitokeza katika darasa la mtihani. Familia huweza kumwondoa mtoto hospitalini kabla tiba haijakamilika, hasa akionekana amepata nafuu, ili asikose mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Saratani iliyokatishiwa tiba huweza kurudi ikiwa sugu zaidi. Kwa hiyo, ratiba ya mtihani iulizwe mwanzoni mwa matibabu: pengine tarehe ya dozi inaweza kusogezwa kwa usalama, au shule ikaomba mapema utaratibu maalumu. Ikishindikana, mtoto arudie darasa. Mwaka mmoja wa shule hufidiwa. Tiba iliyoachwa njiani huenda isifidiwe.