Fahamu: Takwimu za mdakaji chipukizi wa NFL zisomwe vipi?

Mwaka 2015, Davante Adams wa Green Bay Packers alirushiwa mpira mara 94, akaudaka mara 50 tu. Yadi 483, tachidauni 1. Ulikuwa msimu wake wa pili katika futiboli ya Marekani, na mashabiki wengi walishamkatia tamaa. Mwaka uliofuata akapata tachidauni 12.

Namba zilificha kifundo cha mguu. Aliumia mapema msimu ule, na mdakaji anaishi kwa miguu yake: hatua mbili za kumhadaa beki, kona ya ghafla, kisha upenyo wa kupokea mpira. Kifundo kikiuma, upenyo haupatikani.

Kwa hiyo usiishie kwenye jumla ya yadi. Uliza nani anarusha, na kijana anarushiwa mara ngapi. Kipimo ninachokiamini zaidi ni yadi kwa kila mbio aliyokimbia kutafuta pasi, kwani hicho huhesabu hata mara alizokimbia bila kupewa mpira.

Wapo wanaowaka tangu siku ya kwanza. Puka Nacua wa Los Angeles Rams, aliyechaguliwa wa 177 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2023, alipata yadi 1,486, akavunja rekodi ya wachezaji wa msimu wa kwanza iliyodumu tangu 1960. Nafasi nayo ilimfungukia: Cooper Kupp, nyota wa timu, alikuwa majeruhi mechi 4 za mwanzo.

Msimu mmoja mbovu, basi, haunitoshi kumfuta kijana. Ningerudia kwanza video, nitazame miguu.